Mshono wa Kumi na Mbili

Mimi si mtu wa kusingizia vifaa. Waulizeni wote niliofanya nao kazi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nachomelea vyuma. Nimechomelea kwa mashine zinazokohoa, nimechomelea nimelala chali huku cheche zinaniingia kolani, na sijawahi kusema eti mashine mbovu au umeme mdogo. Wananiita Mama Cheche, na jina hilo sikulipata kwa kuchemsha chai. Kwa hiyo Jumatatu ile, nilipoinua meza ya kupigia pasi na mguu wake mmoja ukabaki sakafuni, nilibaki mdomo wazi.

Mguu ule nilikuwa nimetoka kuuchomelea mwenyewe, hata haujapoa. Niliupindua. Lo! Chuma nilichokiyeyusha kilikuwa kimelala chote kwenye mguu, kimejipanga vizuri kabisa, upana wa ukucha kutoka pale kilipotakiwa kuwa. Meza yenyewe hakikuigusa. Nilikuwa nimechomelea hewa, na wakati nachomelea ningeapa kwamba naona.

Niliangalia kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa karibu. Nikaurudisha mguu mahali pake, nikauchomelea upya kwa kupapasapapasa.

"Kioo hiki," nikasema peke yangu. "Kioo hiki kimekufa."

Kwa asiyejua, kofia ya kuchomelea ina kidirisha mbele, na kwenye kidirisha kuna kioo cheusi chenye namba. Namba ikipanda, giza linaongezeka. Mimi siku zote natumia namba kumi na moja. Bila kioo hicho ule mwako utakupofusha. Na kikiwa cheusi mno utachomelea kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Na ukungu nilikuwa nikiuona kwa miezi, nikidhani ni uchovu tu. Basi nikaamua: kioo kimezeeka, kimeingia ukungu, nitabadilisha. Hapo ndipo nilipoanza kujidanganya, na nawaambia mapema ili msije mkanihurumia bure.

Tulikuwa tunafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo. Si kidogo: shuka za hospitali, taulo za hoteli, marobota kwa marobota. Walikuwa wameleta boila jipya mahali pa lile la zamani, na sisi tulipewa kazi ya kuunganisha bomba la kupeleka mvuke kutoka chumba cha boila hadi kwenye mashine za pasi. Bomba hilo lina mishono kumi na minne, na yote niliichomelea mimi. Nilimaliza Jumamosi. Jumapili wakalijaza maji, wakapandisha presha, halikuvuja hata tone, na msimamizi wetu akanipigia makofi mbele ya watu. Ijumaa saa nne asubuhi mvuke ulikuwa unafunguliwa.

Na mwendesha boila ni nani? Ni mdogo wangu. Kitinda mimba wa mama. Mama alipotutoka, yule alikuwa na miaka tisa. Nimemvisha, nimemsomesha, nimemchapa, na kazi hiyo ya boila nimemtafutia kwa kupiga magoti. Kutwa nzima husimama kati ya boila na ukuta, mbele ya geji ya presha, anaangalia mshale. Juu ya kichwa chake, mahali ambapo akinyoosha mkono anafika, linapita bomba, na hapo ndipo ulipo mshono wa kumi na mbili. Mvuke wa boila si mvuke wa sufuria, jamani. Ukitoka penye ufa unamchuna mtu ngozi kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Wazo lilinijia pale pale, mguu wa meza bado mkononi. Ikiwa hapa nimechomelea hewa, na kule je? Nikalifukuza. Maji yalipita, nikajiambia. Presha ilipanda mara moja na nusu ya ile ya kazi na bomba halikutoka hata jasho. Tatizo ni kioo. Nitabadilisha kioo, mambo yatakwisha.

Nikachimba kwenye sanduku langu nikapata kioo namba kumi. Nikakitia. Mwako ulikuwa mkali zaidi, lakini mshono haukuonekana vizuri zaidi. Ilikuwa ni ukungu ule ule, tofauti ni kwamba sasa ukungu ulikuwa na mwanga. Jumanne nikaazima namba tisa kwa fundi wa mageti wa ng'ambo ya barabara. Alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Tisa, Mama Cheche? Kwa rodi nene hizo? Utayaunguza hayo macho."

"Nimekuomba kioo, sijakuomba ushauri," nikamwambia, nikaondoka.

Nilichomelea nayo kutwa, nikiyeyusha rodi moja baada ya nyingine. Kufika jioni macho yakaanza kuwasha. Nilipoingia nyumbani nilikuwa nalia machozi bila kilio, kama mtu kanirushia mchanga wa moto chini ya kope. Mume wangu ni fundi cherehani. Kazi yake anaifanyia sebuleni, mashine imekaa dirishani. Aliacha suruali ya watu katikati ya mguu, akanilaza kwenye kochi, akaniwekea kitambaa cha maji baridi machoni. Na mimi namjua. Akiacha kazi ya mtu hivyo ana neno.

"Mama watoto," akasema, "mimi nilipoanza kushindwa kutunga uzi, nilisema sindano za siku hizi zina matundu madogo. Nilibadilisha sindano pakiti nne. Nikamgombeza hata muuzaji."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Nakuhadithia habari za sindano."

"Macho yangu hayana shida."

"Sijasema yana shida."

"Ni kioo!"

"Haya, ni kioo." Akageuza kitambaa upande wa baridi. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilimrushia kitambaa. Ndiyo, nilimrushia, tena kilimpata usoni. Hakukasirika. Alienda akakichovya tena, na mimi nikabaki nimefumba macho. Maana neno alilosema yeye lilikuwa la macho tu. Mimi lililoniingia lilikuwa la bomba.

Jumatano macho yalikuwa mekundu lakini yanafunguka. Nikaenda kwenye duka la vifaa. Muuzaji wake ni mzee mmoja aliyekuwa fundi kama sisi kabla mgongo haujamkataa. Shingoni ana kovu la cheche kubwa kama kifungo. Duka lenyewe ni jembamba, mteja mmoja akiingia wa pili anasubiri nje.

"Shikamoo mzee wangu. Nipe kioo kizuri. Hivi vya siku hizi vinachosha macho."

"Marahaba, binti. Namba ngapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kumi na moja sioni, kumi sioni, na tisa kimeniunguza."

Alinitazama macho yale mekundu, akaguna. Akachukua pakiti moja rafuni, akanipa. "Hebu nisomee hapo chini, wameandika nini."

Nikaishika. Nikaisogeza mbali. Nikaisogeza mbali zaidi. Nikaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. "Wameandika kwa maandishi madogo hawa watu, kwani wanaandikia sisimizi?"

"Wateja wangu wote wanasema hivyo wakifikisha miaka arobaini na tano."

"Mimi nina arobaini na sita!"

"Basi umechelewa mwaka mmoja," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Akainama chini ya meza akatoa kiboksi. Ndani mlikuwa na vioo vyeupe, saizi ile ile ya kioo cheusi, ila katikati vimevimba kidogo. "Kioo chako cheusi hakina kosa. Rudisha namba kumi na moja yako. Hiki kinakaa nyuma yake, ndani ya kofia. Hakiongezi mwanga, kinakuza tu. Watu wengi wanakuja hapa wanapunguza giza, wanapunguza giza, mpaka wanajiunguza. Chuma hakikuwa gizani, binti. Kilikuwa karibu mno."

Nikamwambia anipe kilicho kikali kuliko vyote. Alinipa bila kubisha, na nilipokiweka machoni duka zima likayumba. Akanipa kingine, nacho kikanikaza paji la uso. Cha tatu nilikiweka nikiwa nimekunja uso tayari kulalamika, na uso ukakunjuka wenyewe. Macho yalitulia. Hayakuvutwa, hayakusukumwa. Nilitazama kiganja changu. Niliona mistari yote, niliona makovu madogo ya cheche ambayo sikujua kama ninayo, niliona uzi uliochomoka kwenye mkono wa ovaroli. Tangu lini sijaiona mikono yangu? Nikamgombeza yule mzee kwa kuacha vumbi kwenye vioo, kisha nikachukua changu nikatoka haraka, nisije nikalia dukani kwa watu.

Alhamisi asubuhi nilikitia, nyuma ya namba kumi na moja yangu ile ile. Nikachukua mguu wa meza nyingine. Nikashusha kofia, nikagusa.

Jamani. Niliiona ile nafasi kati ya vyuma viwili, nyembamba, nyeusi, imenyooka. Niliona chuma kinayeyuka pande zote mbili na kukutana katikati. Niliona kingo zake. Rodi nzima niliimaliza bila kuvuta pumzi, na nilipoinua kofia nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Furaha ile ilinikaa kwa muda wa rodi moja. Nilipoinama kuchukua ya pili, nikaelewa: ikiwa hivi ndivyo kuona, basi Jumamosi sikuwa naona.

Nilikichomoa kile kioo cha kukuza kwenye kofia, nikachukua tochi, nikaenda chumba cha boila.

Sikuwa peke yangu huko. Mafundi wawili wa sufi walikuwa wameanza kazi tangu alfajiri. Kazi yao ni kulifunga bomba kwa sufi ya kuzuia joto, kisha kulivika bati juu yake na kulikaza kwa skrubu. Likishafungwa, hakuna atakayeuona mshono tena mpaka bomba litakapochakaa. Walianzia upande wa mashine za pasi na walikuwa wanakuja upande wa boila. Nilipoingia walikuwa wanamaliza mshono wa saba.

Mdogo wangu alikuwa anafuta kioo cha geji kwa kitambaa. "Dada! Umepoteza nini huku?"

"Skrubu."

"Skrubu ndiyo unaitafuta kwenye dari?"

"We, futa geji yako."

Alicheka. Nilianza na wa kumi na nne. Mzuri. Wa kumi na tatu ulikuwa mnene, umekaa vibaya, lakini umeshika pande zote. Nikapanda kwenye kreti kuufikia wa kumi na mbili. Mbele ulikuwa safi, ule ule aliousifia msimamizi. Nikapitisha kichwa kati ya bomba na ukuta, pale nilipobana Jumamosi nikichomelea kwa pembe ya jicho, nikamulika, nikaweka kioo.

Chuma changu kilikuwa kimelala pembeni. Kipande kirefu kama kidole, kimejipanga vizuri kabisa, kwenye bomba la upande mmoja tu, la pili hakijaligusa. Ile rodi ya kwanza ya chini, uzi mwembamba wa chuma, ndiyo iliyokuwa imeshika peke yake. Hiyo ndiyo iliyoyazuia maji Jumapili. Maji ya baridi, kwa saa moja. Mvuke utakuja na kuondoka kila siku, bomba litavimba na kusinyaa, litavimba na kusinyaa, na siku moja uzi ule utakatika.

Sema, nikajiambia. Teremka kwenye kreti useme.

Niliteremka. Sikusema. Nilikwenda kuikagua ile iliyobaki wazi, wa kumi na moja, wa kumi, wa tisa, na yote ilikuwa mizima, na kila niliouona mzima nilipata hoja mpya ya kunyamaza. Mmoja tu kati ya yote. Na maji yalipita. Na ningesema nini? Kwamba Mama Cheche haoni? Kwamba miezi yote hii haoni na hakumwambia mtu? Wangenipa brashi ya waya nikasugue kutu na vibarua. Mafundi wa sufi walifika wa nane. Wakafika wa tisa.

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Fundi, mbona uko huku? Meza zangu?"

"Nakuja, bosi."

"Kuna shida?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa chumba na wa maneno. Nikasema, "Hakuna shida, bosi." Akaenda zake.

Wakafunga wa kumi. Wakafunga wa kumi na moja. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika tochi, siondoki wala sisemi. Wakasogeza ngazi yao mpaka chini ya wa kumi na mbili. Pale kwenye pembe ya ukuta ni giza. Yule aliyekuwa juu akaniita, "Mama Cheche, hebu tumulikie hapo."

Nikawamulikia.

Mkono huu nilionao uliinua tochi ukawamulikia, wakaifunga sufi, wakaizungushia waya, wakavika bati, wakakaza skrubu moja baada ya nyingine. Nilikuwa nawamulikia vizuri, bila kuyumba. Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu ananitazama. Sijui alikuwa ameona nini usoni mwangu. Akatabasamu, nami nikatabasamu.

Mafundi wa sufi wakashuka, wakaenda kula. Tukabaki wawili. Mdogo wangu akaenda kusimama mahali pake, kati ya boila na ukuta, akajaribu jinsi atakavyosimama kesho. Akanyoosha mkono akaligonga lile bati jipya. "Limependeza. Sasa hata nikilishika siungui," akasema, kisha akalishika kwa mikono miwili, akaning'inia.

"Toka hapo!"

Niliipiga kelele hiyo mpaka sauti ikapasuka. Akaruka. Nilikuwa tayari nimeshachomeka kwenye umeme grenda ya kukatia bati, waliyoiacha mafundi wa sufi. Nilipanda kreti, nikalikata lile bati, nikaivuta ile sufi kwa mikono, nikaweka diski kwenye mshono wangu mwenyewe nikaukata. Sikutaka kwanza kwenda kusema. Nilijijua. Ningeenda kusema, ningekuta msimamizi anakula, ningesubiri amalize, na kabla hajamaliza ningekuwa nimejibembeleza tena. Bomba likishakatwa halibembelezeki.

Msimamizi alikuja mbio na mkate mkononi. "Una wazimu wewe? Kesho saa nne mvuke! Maji yalipita!"

"Yalipita. Panda uone."

Alipanda. Akatazama kile kipande nilichokikata, upande ambao chuma kilitakiwa kuwa na hakikuwa. Akatoa rula ya chuma mfukoni, akaipenyeza kati ya chuma changu na bomba la pili. Ikaingia. Aliitoa, akaipenyeza tena, na mara ya pili uso wake ulibadilika rangi. Akateremka polepole.

"Imekuwaje?"

"Sikuona," nikasema. "Macho yangu hayaoni tena vitu vya karibu. Nilidhani ni kioo."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano. Labda sita."

"Na hii umejua lini?"

Nilitaka kusema sasa hivi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. "Asubuhi," nikasema. "Kabla hawajaufunga."

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama pale pale. Niliona anageuza macho kutoka kwangu hadi kwenye tochi, iliyokuwa juu ya kreti, halafu juu kwenye bomba. Akaweka kitambaa chake chini, akatoka nje.

Siku ile ilikuwa ndefu. Msimamizi aliagiza sufi yote ifunguliwe, na wale mafundi wawili waliifungua kazi yao ya asubuhi nzima huku wakinitaja kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Mshono kwa mshono, kile kioo changu kikapita mikononi mwa watu, tochi juu. Mingine yote ilikuwa mizima. Wa kumi na mbili niliuchomelea upya mwenyewe, kioo kikiwa ndani ya kofia, msimamizi amebana kichwa upande wa pili wa bomba amevaa kofia ya kuazima. Nilishika pande zote mbili. Nilikuwa naona kila kitu, na hakuna raha yoyote niliyoipata. Wakajaza maji tena. Tone halikutoka.

"Hili la leo nimeliona kwa macho yangu," msimamizi akasema tulipomaliza. "Lakini mabomba ya mvuke basi, fundi. Mpaka daktari wa macho aandike."

"Sawa, bosi."

"Nimesikitika sana."

"Najua." Nilijua kweli.

Ijumaa asubuhi wote waliambiwa wakae uani. Ni utaratibu: mvuke ukifunguliwa mara ya kwanza, ndani anabaki mwendesha boila peke yake. Bomba lilikuwa bado halijafungwa sufi, liko uchi, mishono yake inaonekana. Boila lilikuwa limeshapata moto na geji imepanda. Mdogo wangu hakuwa amesema nami tangu jana. Jioni ile nilipitia nyumbani kwake, mkewe akaniambia amelala, na ilikuwa saa kumi na mbili jua halijazama.

Sikukaa uani. Niliingia. Alikuwa amesimama mahali pake, glavu mkononi, amenipa mgongo.

"Dada, nje."

"Nataka kukwambia kitu."

"Jana, walipokuwa wanaufunga," akasema bila kugeuka, "nilikuona ukiwamulikia. Nikasema moyoni, angalia dada yangu, hata kazi isiyo yake anasaidia." Akaikaza glavu. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi ndiye ningesimama hapa."

"Ndiyo."

"Nisingelishika lile bati, ungesema?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote usiku kucha, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimtazama kisogo. Kisogo hicho nimekinyoa mimi tangu kikiwa kidogo. Nilitaka kusema ndiyo, ningesema, wewe ni damu yangu, ningesema tu. Pengine ningesema. Lakini nilikuwa nimeshamwangalia bosi machoni nikasema hakuna shida, na nilikuwa nimeshaishika ile tochi.

"Sijui," nikamwambia. "Mdogo wangu, kwa kweli sijui."

Mabega yake yalishuka. Akaweka mkono juu ya vali ya mvuke. Kisha akasogea hatua moja upande wa geji, akaacha nafasi ile aliyokuwa amesimama, chini kabisa ya mshono wa kumi na mbili.

"Simama hapa," akasema.

Nikaenda. Ni mahali padogo, ukuta mgongoni, joto la boila kifuani, na ukiinua macho unaliona bomba, karibu kuliko nilivyowahi kulifikiria. Hakuna pa kukimbilia. Miaka miwili, tangu boila la zamani, mdogo wangu amesimama pale kila siku, na mimi sikuwa nimewahi kusimama pale hata dakika moja.

Akafungua vali. Bomba liligonga mara mbili tatu, mvuke ukaanza kupita juu yangu kwa sauti ya mluzi mdogo, na joto likanishukia usoni. Hakuniangalia. Aliangalia mshale unavyopanda, mbili, tatu, nne, na mimi niliangalia mshono wangu, mpaka mshale ulipofika saba ukatulia.

"Sasa unaweza kwenda," akasema.